Kusimama na Kukaa Mbele ya Hakimu
Kawangware, Jumanne, 14 Agosti 1979

Makwapa yanauma kwa ajili ya haya magongo, lakini leo sijali.

Wakili wa mwenye ploti ameshanijulia. Mahakamani mmoja akisimama, mwingine hukaa. Kwa hivyo kila nikiinuka kumtetea Mama Atieno asifukuzwe chumbani kwake Gatina, yeye husimama na pingamizi, nami nalazimika kukaa. Kabla sijashika magongo niinuke tena, swali limenitoroka.

Leo aliposimama, sikukaa.

"Wakili, keti, mwenzako anazungumza," hakimu akasema.

"Mheshimiwa, kwa miguu hii ya polio, kukaa na kuinuka ni kazi nzito. Naomba nimngoje nikiwa nimesimama."

Hakimu akanitazama. Nikafikiri nimemharibia yule mama kesi.

"Basi," akasema, "kuanzia sasa nyote wawili mtazungumza mkiwa mmekaa."

Yule bwana akakaa. Pingamizi zikapungua ghafla, sijui kwa nini!

Hukumu bado. Tukishindwa, mama na watoto wataenda wapi...

Tulipotoka nje, Mama Atieno alinishika mkono akacheka. "Wakili, kumbe unajua kuongea!"