Mtumbwi wa Kipimo cha Shabani

Mdogo wangu Shabani,

Kuku wa Bi Tatu walitaga ndani ya mtumbwi wako. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka, halafu ungekasirika, halafu ungemtumia mwenye nyumba wetu salamu ambazo mimi nisingethubutu kumfikishia. Arobaini yako ilikuwa bado. Mbavu za mtumbwi zilikuwa palepale uani juu ya mabenchi mawili, hazijavishwa nguo, na lile gunia ulilolitandika katikati ili ujaribu kukaa lilikuwa bado lipo. Kuku mwekundu akaona panamfaa. Nilitoa mayai nikampelekea Bi Tatu chumbani kwake. Akayapokea, akaniangalia, akasema, "Zuhura mwanangu, zile fito si bora ziende jikoni? Mkaa wenyewe unauona." Nilijifungia ndani nikalia kwa hasira.

Acha nikusimulie siku zile zilivyokwenda, maana wewe ulikuwepo na hukuwepo.

Homa ilikukamata ukiwa unafunga kamba za mwisho. Zahanati walituambia dawa zimekwisha, turudi baada ya siku mbili tatu. Nikakurudisha nyumbani, nikakuchemshia mwarobaini, nikakukanda kwa maji baridi. Hizo siku mbili tatu hazikufika. Sina maneno mengine ya kulieleza hilo.

Mjomba Seif alichukua barua ya balozi wa nyumba kumi akaenda kuomba sanda duka la kaya, kwenye mgao. Hakuna. Akazunguka Kariakoo yote, maduka yote ya nguo aliyoyajua tangu ujana wake, rafu tupu, wauzaji wamekaa wanapepea nzi. Alirudi kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Akasema, "Sijapata hata ya kumfunika mtoto mchanga." Wewe uko ndani umelazwa, jua linakwenda, na hakuna nguo ya kukuzikia katika mji mzima.

Nguo ilikuwepo, Shabani. Ilikuwa kwenye sanduku langu la bati. Ile nguo ya marekani tuliyoipangia foleni, mimi nimesimama, wewe umekaa chini kwenye kivuli cha miguu ya watu, kila mara unanivuta khanga: "Imebaki? Chungulia, imebaki?" Ilikuwa ngozi ya mtumbwi wako. Nilikuwa nimekwisha kuyaunganisha mapande yote kwa mshono wa kurudia, kama ulivyoniagiza, ili maji yasipite. Mjomba akaishika, akaigeuza, akasema nguo ni safi na itafaa, ila sanda ya mwanamume haitakiwi kuwa na mshono.

Basi nikakaa kitandani na wembe, nikafumua. Wao wanakuosha upande wa pili wa ukuta, nasikia maji yakimwagika, na mimi nafumua mshono wangu mwenyewe, uzi kwa uzi. Mahali pamoja wembe uliteleza nikachana kidogo. Nikapakunja ndani pasionekane. Lakini matundu ya sindano yalibaki, mstari mzima. Umekwenda na matundu yangu ya sindano. Kama yanakusumbua, nivumilie.

Halafu wakaja kukubeba.

Nilikaa chumbani na wanawake wenzangu nikasikia wakikuinua. Nikasikia vishindo vya miguu, kila mtu anataka bega lake lipate thawabu, na nikawaza kwamba hata leo hawakukuuliza kama unataka. Mimi ndiye wa kwanza kukubeba, tangu ule ugonjwa wa kupooza ulipokuachia miguu isiyokua. Nilikubeba shuleni, nikakubeba chuoni kwa maalimu, nikakubeba kwenye harusi ambazo sikucheza ngoma kwa sababu nilikuwa na wewe mgongoni. Ulipopata akili zako ukaanza kunipiga kofi la bega: "Shusha, dada. Natambaa mwenyewe." Nilikuwa nakasirika. Nilifikiri huna shukrani.

Halafu ikaja siku ile ya pantoni. Tulikuwa tunaenda Kigamboni kumwangalia mgonjwa. Mpagazi mmoja pale Feri, kijana wa watu, tena bila ubaya wowote, alikuinua akakutupa begani, kisha akanigeukia: "Mama, mzigo huu unashuka wapi?" Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Lakini uliporudi hukula, na kesho yake mtaani Gerezani, kwenye kiwanda chenu cha viti vya magari ulikata kitambaa cha watu vibaya, wewe ambaye hukuwahi kukosea kitambaa.

Na huko huko Gerezani, ukutani, kulikuwa na ile kalenda ya kampuni ya meli. Uliniletea picha yake imekunjwa ndani ya shati. Mtu wa nchi za barafu, amevaa manyoya mpaka masikioni, amekaa ndani ya mtumbwi mwembamba wa ngozi uliomziba mpaka kiunoni, mkononi kafi lenye bapa pande mbili. Ukaniwekea kidole pale kiunoni. "Unaona, dada? Huyu hana miguu." Nikakwambia miguu imo ndani. "Nani kakwambia? Ulikwenda kumfunua?" Ukaamini hivyo hadi mwisho, kwamba huko kwenye barafu walikaa chini wakatengeneza chombo kwa ajili ya watu mfano wako. Nilikuachia. Nilipenda ulivyokuwa ukiiangalia ile picha.

Hukuwa na ndugu Kigamboni wala kazi huko. Ulitaka tu kuvuka na kurudi, asikushike mtu.

Misumari haikuwepo madukani, ukasema haina haja, wale nao hawana misumari. Ukapata fito, ukazichemsha kwenye pipa uani mpaka zikalainika, ukazikunja kwenye pembe ya benchi, ukazifunga kwa uzi wa nyavu uliopakwa nta. Ua mzima ulinuka miti iliyochemka. Wapangaji wenzetu wakakutania kila wanapokwenda kuoga: "Shabani, unashona suruali au mtumbwi?" Hukushika futi wala rula. Urefu ulipima kwa kunyoosha mikono yako. Upana ulikuwa kiuno chako na ngumi zako mbili. Na mbele, pale pa miguu, ulijilaza juu ya benchi, ukaniambia nipime kutoka ubao hadi juu ya vidole vyako. Nikapima. Ilikuwa shibiri yangu moja tu, haijatimia.

Hiyo shibiri ndiyo iliyonitesa baadaye, utaona.

Baada ya arobaini nilikwenda Gerezani kwa wenzako. Sikujua nitasema nini. Nikasema tu, "Shikamooni, nataka kitu cha kuvika mtumbwi wa Shabani." Wakatazamana. Yule mzee wenu wa springi akaingia nyuma akatoka na turubai la lori, limechanika pembe moja, gumu, linanuka dizeli. Akasema, "Chukua, binti. Alitusumbua sana na huo mtumbwi wake," kisha akageuka akajifanya anatafuta nyundo.

Turubai halipiti kwenye cherehani. Nililishona kwa mkono juu ya mbavu zako, kwa ile sindano yako iliyopinda, nikilivuta kwa koleo kama nilivyokuona unavyovuta ngozi za makochi. Wateja wangu walinung'unika, magauni ya Idi yamelala. Vidole vilivimba. Bi Tatu akawa anapita na ndoo yake anaguna, lakini fito hazikwenda jikoni. Nilipomaliza nikalipaka lami iliyoyeyushwa, matabaka mawili. Mtumbwi wako ukawa mweusi, mzito kuliko ulivyotaka, na haupendezi. Lakini umefunga.

Nilitaka nikae mimi. Hilo ndilo nililoliwaza wakati wote nashona, kwamba nitavuka mimi kwa niaba yako, na siogopi, nitajifunza. Nikauteremsha chini, nikakunja khanga, nikaingiza mguu. Mguu haukwenda. Nikakaa ubavu, nikalala chali, nikajisukuma. Magoti yalikwama pale pale mbele, kwenye ile shibiri niliyoipima kwa mkono wangu. Miguu yangu mizima, inayotembea, inayosimama kwenye foleni, haikuwa na nafasi ndani ya mtumbwi wako. Mjomba Seif naye alijaribu kiuno tu, akashindwa. Seremala wa jirani akasema jambo dogo hilo, tunakata mbavu nne za mbele, tunainua. Nikamwambia akiugusa mtumbwi kwa msumeno nitamkata yeye. Nisamehewe, nilikuwa namaanisha.

Basi nikamkumbuka Kosmas.

Najua. Ungeniambia watu wote wamekwisha? Kosmas fundi viatu wa Mtaa wa Msimbazi, ambaye hamkupatana kwa sababu watu waliwaita kwa jina moja, "yule kiwete," na mmoja wenu akikosea analaumiwa mwenzake. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia ni mpishi asiyekula, anashona viatu ambavyo hatavivaa. Nilikwenda nikachutama mbele ya kibanda chake. Akanisikiliza mpaka mwisho, msumari mdomoni. Akasema, "Pole sana na msiba, dada. Lakini mimi mtu wa Masasi. Maji nayajua ya kwenye ndoo." Nikarudi zangu.

Jumapili iliyofuata alitoka kanisani akaja mwenyewe, akitambaa, suti yake ina vumbi mpaka kifuani. Hakuomba chai. Akapita moja kwa moja uani, akaushika mtumbwi, akajiinua kwa mikono, akateremka ndani. Kiuno kikaingia. Miguu ikalala. Hakuna kilichogusa. Akasema polepole, "Marehemu alikuwa na kipimo changu."

Nilimchukia, Shabani. Nakwambia ukweli. Nilisimama pale na birika mkononi nikamchukia mtu wa Mungu kwa sababu ametosha. Nilitaka kumwambia kipimo si chako, kipimo ni cha mdogo wangu, wewe umekutwa nacho tu, na umekutwa nacho ukiwa hai. Nilimwaga chai yote chini. Yeye akadhani nimeungua.

Lakini nilimpa. Sikuwa na mwingine, na mtumbwi ule haukujengwa ukae uani.

Tuliupeleka kwa mkokoteni mpaka mchangani, mbali kidogo na wauza samaki. Mara ya kwanza alipinduka hapo hapo. Nilijitupa majini na khanga zangu, nikamkamata kwapani, nikamvuta nikipiga kelele. Akakohoa, akanitazama, na jicho lile lilikuwa lako kabisa. "Dada Zuhura," akasema, "maji yananifika kifuani. Nimekaa chini. Niache." Nikamwachia. Watu walicheka na sisi tukacheka, nikiwa nalia.

Alipinduka mara nyingi. Alikunywa bahari. Kila Jumapili baada ya misa anakuja na suruali moja ya kuharibu, na kila Jumapili mimi nakaa mchangani nikimchukia kidogo kuliko ile iliyopita.

Jumapili hii amevuka.

Maji yalikuwa yametulia. Alijivuta mwenyewe kutoka mchangani, akajipandisha, akakaa, akasukuma mchanga kwa viganja mpaka mtumbwi ukaelea. Akachukua kafi ulilolichonga. Kulia, kushoto. Pantoni ilikuwa inarudi imejaa, na vijana wakamzomea kutoka juu: "Oya mzee! Unaenda wapi na kiatu hicho?" Yeye akainua kafi juu akawaonyesha, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeingia majini bila kujua, yamefika magotini, nafuata pembeni. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa imenyooka mbele, imefunguka, inangoja aniite.

Hakuniita. Alizidi kuwa mdogo, akafika upande wa pili, nikamwona anagusa ardhi kwa kafi. Hakugeuka hata mara moja kunitazama.

Nikajua kwamba na wewe usingegeuka. Ungenisahau kabisa pale majini. Ungevuka, na mimi ningerudi Kariakoo peke yangu, khanga zimelowa, mgongo mtupu, nikisema moyoni kwamba huna shukrani. Ningetoa kila nilicho nacho, Shabani, ningeuza cherehani, niachwe hivyo na wewe.

Nimechoka sasa. Kesho nina magauni ya watu. Pumzika, mdogo wangu, mahali ambapo naomba hakuna anayekuuliza unashuka wapi. Nakuahidi haya: turubai likitoboka nitalishona, lami ikipasuka nitaipaka. Kosmas akizeeka nitazunguka mji huu nikimtafuta mwingine mwenye kiuno chako. Na yeyote atakayekaa humo sitamshika mpaka aniite mwenyewe.

Dada yako,
Zuhura