Maua ya Ainembabazi

Omurushaka,
Jumanne.

Dada yangu Restuta,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Dastan, na homa ya Gideon iwe imeshuka. Huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua lakini mdomo mzima; jana kamtimua mnunuzi aliyekanyaga kahawa yake iliyoanikwa. Mvua haikatiki, na karatasi zangu zimenyonya unyevu hadi gundi haishiki.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kwa simu ningekata kabla sijafika ninapotaka kufika, najijua. Placidius wa basi la Kyerwa atakukabidhi mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Kazi ya kadi ipo. Watu wanadhani ua la karatasi ni kukata tu! Petali kubwa chini, ndogo juu yake, halafu ndogo zaidi, matabaka matano, kila ncha uikunje kwa mgongo wa mkasi. Mwalimu mmoja alikuja kuagiza kadi za kipaimara akasema hata mtoto anaweza. Nikampa mkasi. Hakumaliza hata ua moja, akaurudisha mkasi na kuondoka.

Lakini tangu Jumapili, uliponisimulia ile ndoto, mikono yangu haifanyi kitu. Ulisema kila ukisinzia mchana marehemu Ainembabazi wako anasimama mlangoni, miguu imelowa, anakwambia, "Mama, nimefuata vitu vyangu." Ulisema nguo zake zote mlishazigawa, na alichobakiza humo ndani ni mdogo wake tu. Basi, kwa maneno yako, amekuja kumchukua Gideon. Ukasema Ijumaa utambeba na homa yake, uvuke naye Uganda kwa shangazi, na hutarudi tena Bugomora. Dastan naye kanipigia, analia, hajui aombe nini tena.

Dada, usiondoke. Nisikilize kwanza.

Unalikumbuka shada la Aine. Nililitengeneza mwenyewe, maua kumi na mawili, meupe yenye zambarau katikati, kwa kuwa ndiyo karatasi aliyokuwa akiniibia mezani kila alipokuja, yule mtoto. Siku ya tatu ya msiba mvua ikashuka. Nilikuwa jikoni kwako namenya ndizi, nasikia inavyopiga majani ya migomba upande wa kaburi, nikashindwa kuvumilia. Nikachepuka. Saba yalishakuwa uji. Matano yalikuwa yamefunikwa na jani la mgomba, nikayang'oa nikayaficha kifuani. Nilijiambia nayaokoa tu. Nilipofika huku nikayakausha, nikayatia kwenye kopo la biskuti.

Gideon alipozaliwa nikakaa kukutengenezea kadi ya pongezi. Nilikata maua siku mbili, yote nikayatupa, hakuna lililokubali kukaa. Ndipo nikafungua kopo. Jamani, sikuwa na nia mbaya. Nilitaka Aine naye ampongeze mdogo wake. Manne ndiyo hayo yaliyo kwenye kadi uliyoitundika juu ya kitanda, ile unayosema Gideon anainyooshea mikono na kucheka, na akihamishwa chumba analia. Inua petali za chini kabisa. Utaona doa la udongo wa kibanja chenu, wa pale kaburini kwenye migomba.

Nimeiba kaburini kwa mwanao, dada, nikakuletea ndani ya nyumba. Uliposema tu neno "vitu" nilielewa, nikakata simu na kusingizia chaji. Naona aibu, na ninaogopa. Nisamehe ukiweza.

Aine hakufuata mtoto. Amefuata maua yake.

Mpeleke Gideon zahanati leo hii, homa ni homa. Kisha uyabandue yale manne, umbebe mdogo mtu, mwende wote watatu na baba yake mkamrudishie. La tano limo humu kwenye bahasha. Nimelala nalo chumba kimoja miaka miwili, sitaki kulibakiza. Mkifika, mwambie aliyeyachukua ni mimi, si mama yake. Na mwambie karatasi za zambarau bado ziko mezani, pale pale alipokuwa akizifikia.

Mama anawasalimu, anasema Gideon apewe uji mwepesi. Mnisalimie shemeji. Nangoja sauti yako, hata ikiwa ya kunitukana.

Ni mimi mdogo wako,
Evangelina