Nyama Iliyomponya Mukhwana Ilikuwa Soya

Shangazi Chepkemei mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa maana siri niliyoficha miezi mitano sasa inaweza kuua mtu.

Tunaishi hapa Matisi, Kitale, na mume wangu Mukhwana ni karani wa serikali, mtu mzuri sana lakini kwa nyama hasikii la mtu, na mwezi wa Januari daktari alimpima akamwambia presha iko juu na mafuta kwenye damu yamezidi, ameze dawa, atembee, apunguze nyama na ale maharagwe, basi akarudi nyumbani amekasirika akaniambia, "Mama Kevin, maharagwe nilimaliza kula shule ya bweni. Siku utaniwekea maharagwe mezani, hiyo siku nitajua umenichoka."

Dawa alimeza, na kazini akaanza kwenda kwa miguu, lakini nyama alikataa katakata, na mimi baba yangu alipooza kwa sababu ya presha nikiwa kidato cha pili, kwa hivyo hofu ilinishika nikaenda sokoni nikanunua ile soya kavu inayofanana na nyama ya kusaga, nikailoweka, nikaikamua, nikaikaanga na kitunguu, nyanya na dania, nikachanganya na nyama kidogo, na Mukhwana akala akalamba vidole akauliza, "Hii umenunua bucha gani? Usihame huyo mtu." Kila wiki nikapunguza nyama nikaongeza soya, hata maharagwe nikawa naponda natia kwenye mchuzi, na kufika Machi nyama haikuwemo kabisa.

Juzi alirudi kliniki, mafuta yameshuka, presha iko sawa, daktari akampa mkono, na mimi nikaimba jikoni kama mtu ako kwaya. Kumbe shida ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu anatangaza kila mahali ati amepona akila nyama kila siku na madaktari ni waongo, na Jumamosi tunaenda kwao Matulo kwa maombi ya shukrani, atasimama kushuhudia hayo hayo, na mdogo wake Wekoye ana ugonjwa kama wake na amemwambia kwa simu, "Kaka, kama wewe umepona na nyama, mimi nameza vidonge ya nini?" Dawa ameziacha wiki ya pili sasa. Nikisema ukweli namwaibisha mume wangu kwa ukoo wake, nikinyamaza nitamzika shemeji. Nifanye nini?

Phelista Nakhungu, Matisi

*

Phelista mwanangu, nilikupigia simu mara tu niliposoma barua yako, na niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine. Majina yenu nimeyaacha yalivyo kwa ruhusa yenu.

Kwanza, hongera. Umepigania mume na umeshinda. Sasa nikugombeze kidogo: mtu mzima halishwi kwa hila, bana! Wako watu ambao soya inawadhuru. Angevimba mwili, daktari angejuaje amekula nini?

Maharagwe na soya yana protini nyingi bila yale mafuta ya nyama nono, na nyuzinyuzi zake husaidia kushusha mafuta kwenye damu. Lakini sufuria yako haikufanya kazi peke yake. Alimeza dawa, alitembea. Hiyo ndiyo habari Wekoye anayoihitaji, na anaihitaji leo.

Usingoje Jumamosi. Mwambie leo mkiwa wawili, umweleze habari ya baba yako na hofu yako. Kisha Mukhwana mwenyewe ampigie mdogo wake arudi kliniki. Akikasirika, akasirike. Hasira hupoa, kaburi halifunguki.

*

Jumatatu iliyofuata Phelista aliniandikia tena:

"Shangazi, nilimwambia jioni ile ile. Aliweka kijiko chini akauliza, 'Tangu Machi sijala nyama hapa kwangu?' Nikasema tangu Machi. Akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili, nikajua ndoa imekwisha. Akarudi akavuta sahani. 'Ongeza,' akasema. Alimpigia Wekoye hapo hapo, na asubuhi akampeleka kliniki yeye mwenyewe. Presha ilikuwa imepanda vibaya, daktari akamrudishia dawa, akasema wangechelewa kidogo tungelia.

"Jumamosi huko Matulo Mukhwana alisimama mbele ya watu wote. 'Bwana asifiwe! Daktari alisema ukweli. Mwongo ni huyu mke wangu, na kwa huo uongo wake mimi niko hapa nimesimama.' Watu walicheka mpaka pasta akaketi. Wekoye alinishika mkono. Nilikuwa nimepika soya sufuria tatu, wazi wazi, na kila mtu aliambiwa ni soya. Ziliisha kabla ya nyama."

Pokea sifa zako, Phelista. Nawe msomaji ambaye una mkaidi wako nyumbani, usimdanganye. Loweka maharagwe jioni hii, asubuhi mwaga hayo maji, yachemshe mpaka yaive kabisa, punguza chumvi, kisha mwite mezani na umwambie ni maharagwe.