Pumu ya Bibi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na paa la jikoni, limeacha kuvuja? Mimi nipo, ila siwezi kukuandikia kwamba ni mzima. Barua hii anakuletea Bi Rukia, ninayeshona naye hapa Maskati. Isome peke yako. Kwenye simu unaweka sauti kubwa, Pongwe nzima inasikia.

Lile tumbo si vidonda vya kawaida. Miezi mitatu sasa naharisha damu. Hospitalini kuna muuguzi Mswahili, Bi Asha, ndiye anayenitafsiria kwa daktari. Alinieleza kwamba seli za mwili hutumiana ujumbe, nao unaitwa saitokini. Mwingine huamrisha ukuta wa utumbo uzibwe ulipochanika. Mwingine huita askari waje wapigane na vijidudu. Kwangu huo wa kuita askari haukomi, na askari wenyewe sasa wanaubomoa ukuta. Ipo sindano ya kuunyamazisha.

Nilifurahi, mama. Kisha Bi Asha akaniuliza, "Kwenu kuna mtu aliwahi kuugua kifua kikuu?"

Nikajibu bila kufikiri, "Hakuna. Bibi alikuwa na pumu tu."

Ulimi umezoea. Ulitufundisha sote kujibu hivyo, maana Bibi alikuwa akiuza vitumbua, na nani angenunua kwa mwenye kikohozi kile? Lakini Bi Asha akaendelea. Ujumbe uleule unaonibomoa tumbo ndio unaowaweka askari kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ukinyamazishwa, vinaweza kuamka. Kipimo changu cha damu hakikutoa jibu la kueleweka kwa sababu ya vidonge ninavyomeza, kwa hiyo wanategemea maneno yangu.

Naogopa, mama. Naogopa hata kukohoa. Nakumbuka ulivyokuwa ukimpeleka Bibi Muheza kuchukua dawa, ilhali zahanati ya Pongwe ipo karibu. Nakumbuka nikimwaga kopo lake asubuhi, mkojo una rangi ya chungwa, na hapa nimesoma kwamba dawa za kifua kikuu huugeuza hivyo. Pumu gani ile? Na mimi ndiye mjukuu niliyelala chumbani kwake, dirisha limefungwa ili majirani wasisikie kikohozi.

Sindano ni Jumatatu ya wiki ijayo. Nikisema ni kifua kikuu kumbe sicho, wataichelewesha bure na damu inaniishia. Nikinyamaza, huenda najiua kwa mkono wangu. Bi Asha anasema mwenye vijidudu vilivyolala hupewa dawa kwanza, ndipo sindano. Sikulaumu. Ulikuwa unamsitiri mama yako, hata mimi ningefanya hivyo. Nakuomba tu uniambie ugonjwa ulikuwa gani, na kama dawa alizimaliza. Nipigie ukiwa chumbani, mlango umefungwa. Usinijibu tulivyokuwa tukiwajibu wateja.

Nisalimie Mjomba Kombo, kaka yako wa Ushongo, mwambie shati lake nimeshalikata, bado kushona. Msalimie shangazi Mwanaisha na domo lake, ila barua asiione. Nibusie mdogo wangu Zuhura na mwanawe mchanga.

Mama, hapa kalamu imenigomea. Nilipokwenda shule ya bweni, Zuhura ndiye aliyehamia chumbani kwa Bibi. Juzi kwenye simu alikuwa akikohoa, mwezi wa pili huu, akacheka akaniambia eti amerithi pumu.

Mpeleke akapimwe, yeye na mtoto. Mpeleke kabla hujanijibu mimi.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi