Robi Ndiye Anayeoa

Nyamwaga, 3 Novemba 2024

Mwanangu Robi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ng'ombe wazima, migomba imezaa. Wewe na chaki zako mnaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu majirani wote wanasikia.

Nimeamua kuoa. Sikujaliwa mtoto, na boma kubwa hivi siwezi kuwaachia mbwa. Nyumba ntobu si jambo geni kwetu: mwanamke mwenye mali anaoa mke, watoto atakaozaa wanaitwa wa aliyeoa. Binti ni wa huko huko Issenye, Tabitha wa Mzee Nyangwine. Ng'ombe wameshafika kwake. Shule zikifungwa namchukua.

Uje kwenye harusi, na uvae kama mtu. Umesoma mpaka mgongo umepinda na hata ndama huna. Kaka alipokupa jina langu nilidhani litakusaidia.

Shangazi yako,
Robi

Issenye, 11 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Za ng'ombe siulizi, umeshajieleza.

Tabitha ni mwanafunzi wangu, kidato cha tatu. Nilimwita nikidhani atalia. Alinishukuru! Baba yake alikubali kwa sababu anaamini Robi anayeoa ni mimi: mwalimu, sina mume, nina mshahara, nitamsomesha mpaka chuo. Mshenga wako Waitara alisema, "Robi anaoa." Mzee akauliza, "Huyu mwalimu wetu?" Waitara akaomba aongezewe chai.

Zizi lote hilo, na bado hukupata wa kukukubali mpaka ujifiche nyuma yangu! Mtume Waitara akaseme ukweli.

Mtoto wa kaka yako,
Robi

Nyamwaga, 9 Desemba 2024

Wewe Robi,

Hujambo. Mimi sijambo, ila kwa hasira tu.

Barua yako sikuijibu kwa sababu ni ya kipuuzi. Jina ni langu, nililitumia. Sasa leo, siku ya mnada, fuso imewashusha ng'ombe wangu mbele ya watu wote. Dereva anasema, "Robi amesema hataki tena." Nimesema lini? Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Na Waitara hapatikani.

Mchawi mkubwa wewe.

Shangazi,
Robi

Issenye, 20 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umepoa.

Niliyesema ni mimi. Nilikwenda kwa Mzee Nyangwine, nikasimama mbele ya ndugu zake: "Mimi Robi nimeghairi. Ng'ombe wangu warudi." Waitara alifungua mdomo, nikamwambia kuoa mwanafunzi ni jela, akakumbuka ana safari. Polisi sikwenda. Usidhani ni huruma, sikutaka tu jina hili lisomwe mahakamani.

Sasa walimu wenzangu wananicheka, eti nilitaka kuoa mwanafunzi. Mkuu wa shule ameniandikia barua ya kujieleza.

Tabitha yuko kidato cha nne. Amehamia dawati la nyuma na hanisalimii. Anaamini nilimtaka, kisha nikamwona hafai. Inaniuma, shangazi. Lakini nikimweleza, atamweleza baba yake, na yule mzee ameshazoea kuamka akiangalia ng'ombe. Akijua kuna Robi mwingine anayewatoa, atakuletea binti kesho asubuhi.

Basi anichukie. Nikiita majina asubuhi, anaitika.

Usinijibu.

Robi