Chupa ya Mwisho ya Garland Tuck

Hakuna mjane katika kaunti hii anayejua kuzuia machozi kama mimi, Garland. Mwaka mzima sijalia mbele za watu, ukiondoa kanisani, posta, na ile siku dukani mbele ya friji ya siagi, ambapo mwenye duka alidhani nimekosa siagi niipendayo akaenda kunitafutia stoo.

Alhamisi hii mwaka unatimia, mume wangu, tangu uketi kwenye kigoda cha mlango wa jikoni, ukavua buti la kushoto, ukashusha pumzi yako ile, “hooo,” na la kulia ukaniachia nikuvue mimi. Pumzi ile niliisikia kila jioni ya ndoa yetu. Ndiyo iliyokuwa saa yangu. Ikisikika, nateremsha sufuria. Siku hizi chakula changu kinaungua, na watu wanasema ni uzee.

Mhariri wa gazeti ameniomba niandike kwa ufupi. Nimemwambia nitajaribu.

Ulikuwa mkulima wa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la bani, kama baba yako. Hilo banda la kukaushia likiwa na moto, ulisimama mlangoni ukanusa tu, ukajua jani limefika wapi: kwanza nyasi mbichi, kisha viazi vitamu, kisha mkate. Wenzako walipeleka jani lote mnadani Danville. Wewe kila mavuno uliweka kando jani la manjano la katikati ya mche, ukaling'oa uti, ukalibana kati ya mbao mbili kwa jeki ya lori mpaka likawa gumu kama mkate uliosahauliwa. Kisha ulilikata vipande vyembamba, ukalifungia kwenye chupa zangu za kioo, zile zile za kutilia pichi, bila kuniomba.

Lilikuwa jani tupu. Hukulitia asali, wala cheri, wala vanila. “Nikitaka keki nitamwambia Ozella,” ulikuwa ukisema.

Mdogo wako Merritt, shemasi wetu, alilima tumbaku hiyo hiyo, akaiuza katika mnada huo huo, ila kuivuta aliita dhambi. Siku moja ulimuuliza, “Mdogo wangu, nieleze. Dhambi inaanzia wapi, shambani, mnadani, au kwenye kiko?”

“Inaanzia kwenye kiberiti,” akakujibu.

Ulicheka mpaka kiko kikazimika. Lakini yeye hakuwa anatania. Hakupanda lori lako tena kwa sababu ya harufu. Jumapili mlikwenda kanisa moja, saa moja, njia moja, wewe mbele na lori lako, yeye nyuma na lake. Kibarazani kwetu alikaa upande unakotoka upepo, na upepo ukigeuka, anageuka na kiti.

Hukumchukia. Ulikuwa na subira na watu kama uliyokuwa nayo na jani. Mkwe wetu Curtis ni shahidi. Alipomchumbia Lorene alikuja na kopo la tumbaku ya dukani inayonukia kama harusi nzima. Wewe hukumcheka. Nilimcheka mimi. Ulimpa kiko cha gunzi la mahindi, chembamba, ukasema gunzi halimtozi mwanafunzi ushuru wa ujinga, kisha ukamwachia ajaze mwenyewe. Akashindilia kama anajaza gunia la pamba, akawasha, akavuta kama treni inayopanda mlima. Haukupita muda macho yakamtoka.

“Baba, tumbaku yako ina meno.”

“Haina meno. Ina sukari. Umeichoma kwa pupa, sasa imegeuka mvuke, na mvuke unaunguza kisu, sembuse ulimi.”

Siku kadhaa Curtis hakuweza kugusa matango yangu ya siki. Nikamwekea sahani ya matango kila mlo, ili ajisikie yuko nyumbani.

Kisha ukamfundisha polepole. Jani litandazwe kwanza kwenye gazeti mpaka likome kunata vidoleni, kwa sababu jani bichi ndilo linalouma. Chini ya kiko litiwe kwa mkono wa mtoto, juu kwa mkono wa mama. Moto wa kwanza ni salamu tu: unaacha jani linyanyuke, unalibonyeza kwa kichwa cha msumari, ndipo unawasha wa pili. Halafu unavuta kidogo kidogo, “kama unavyoionja kahawa ya mama mkwe wako kabla hujajua leo ameichemsha au ameichoma.” Na kikizimika?

“Kikizimika, kizimike,” ulimwambia. “Washa tena. Hakuna anayetukimbiza hapa.”

Mwaka wa kwanza Curtis alisema haonji kitu, ni moshi tu. Wa pili akasema anaonja nyasi kavu. Wa tatu alikaa kimya na kiko chake jioni nzima, ukaninong'oneza, “Sasa ameanza.”

Na chupa ulizipenda kwa sababu zinapika bila kuni. Jani lililoingia na harufu ya nyasi lilitoka miaka kadhaa baadaye jeusi, lina harufu ya tini kavu. Kila ulipofungua moja uliniita, hata nikiwa na unga mikononi, ukaniwekea sikioni ukalegeza kifuniko. “Sikiliza, Ozella. Inashusha pumzi.” Na kweli ilishusha.

Ulipoondoka ilibaki moja, ya mavuno yako ya mwisho. Tulikubaliana sote kwamba itafunguliwa siku ya mwaka wako, tukiwa pamoja. Garland, mimi tumbaku sikuitaka. Niliitaka ile pumzi. Uliifunga wewe kwa mkono wako, na nyingine hakuna.

Jumamosi iliyopita niliteremka stoo ya chini kuchukua pichi. Nikaigusa chupa yako, kama ninavyoigusa kila nikishuka. Kifuniko kikazunguka chini ya kidole kama jino la mtoto lililolegea. Kiko chako cha gunzi, nilichokiweka kando yake, kilikuwa kimesogezwa rafu nyingine. Nilikaa juu ya kasha la viazi mpaka miguu ikafa ganzi. Pumzi yako ilikuwa imetoka, na mimi sikuwepo.

Nilimwita Curtis, na sura niliyomwitia aliielewa.

“Mama, si mimi.”

“Nani mwingine hapa anavuta?”

Hakukasirika. Alikichukua kiko, akakielekeza dirishani, akachokoa ndani kwa msumari wako. Juu palikuwa mkaa, chini jani bichi limeshindiliwa, limelowa, halijashika moto.

“Tazama hili gunia,” akasema. “Ningejaza hivi, Baba angefufuka anichape. Hii ni kazi ya mtu ambaye hajawahi.”

Tukatazamana. Aliyeingia stoo juma lile alikuwa mmoja, Merritt. Alikuja Ijumaa kurekebisha bomba lililopasuka kwa baridi, na alikaa huko chini muda wa kutosha kurekebisha mabomba ya kaunti nzima.

“Utamuuliza?” Curtis akaniuliza.

“Shemasi haulizwi,” nikamwambia. “Shemasi anapikiwa.”

Kwa kuwa Alhamisi watu wako kazini, tulikukumbuka mapema, kesho yake Jumapili. Baada ya ibada tulipita kaburini, tukapangusa theluji kwenye jina lako, kisha tukaja mezani. Nilipika paja la nguruwe la chumvi, mikate ya moto na sukuma wiki. Nikaweka matango ya siki. Nikaweka na ile chupa ya siki ya pilipili, mbele ya sahani ya Merritt kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeiangusha.

Merritt akasali vizuri, sala ndefu. Kisha akaanza kula kama mtu anayetembea juu ya mayai. Kahawa aliiacha ipoe. Sukuma akaila kavu.

“Shemeji, matango leo yamekukosea nini?”

“Nimeshiba, Ozella.”

“Na siki? Wewe ndiye Garland alisema huili sukuma, unaibatiza.”

“Mtu akizeeka anapunguza.”

“Wewe hujapunguza hata sala.”

Nikainuka, nikamwagia siki mwenyewe kwa upendo wote wa shemeji. Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Unamjua mdogo wako, angekufa kuliko kushindwa mbele ya mwanamke aliyeshika chupa. Akatia kijiko kinywani. Akatafuna. Machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye tai.

Lorene, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akamshika mkono. “Pole, baba mdogo.”

“Ni kaka yangu,” Merritt akasema, na maneno yakatoka yamelala upande. “Leo nimemkumbuka mno.”

“Baba mdogo,” akasema Curtis kwa upole, “hebu tuonyeshe ulimi.”

“Mezani?”

“Mungu ameshauona. Tumebaki sisi.”

Merritt akatazama dirishani muda mrefu, kama anayetarajia msaada utokee kwa jirani. Kisha mzee mzima, shemasi wa miaka na miaka, akatoa ulimi. Ncha ilikuwa nyekundu kama nyanya iliyomenywa.

Tangu Jumamosi nilikuwa nimemwandalia maneno, Garland, makali, mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kuku. Yote yakanipotea. Nikajikuta namuuliza jambo moja tu.

“Merritt, ulipoifungua, ilisema nini?”

“Nilitaka kunusa tu, Ozella. Nilikuwa peke yangu huko chini, nikaiona, nikasema nitanusa. Halafu kiko chake kilikuwa pale pale.”

“Sijakuuliza hayo. Ilisema nini?”

Akaweka kijiko chini.

“Ilishusha pumzi,” akasema. “Kama kaka akivua buti. Niligeuka nyuma nikidhani yuko kwenye ngazi.”

Nikampakulia nyama tena, pale penye mafuta, ile sehemu yako. Nimejua basi kwamba ilitoka vilevile, na kwamba kuna aliyeisikia, na kwamba aliyeisikia ni yule uliyekuwa ukimtazama kwenye kioo cha lori kila Jumapili, uone kama bado anakufuata.

Baadaye tulitoka kibarazani na makoti yetu. Chupa ikapita pua kwa pua. Ina tini, Garland, na ganda la mkate, na kwa mbali yale matofaa tunayoyasahau darini. Curtis alitandaza jani kwenye gazeti hili hili, akangoja, akajaza, akawasha mara mbili. Upepo ulikuwa unampelekea Merritt moshi usoni. Hakugeuza kiti.

Alipoaga, Curtis alimfungia konzi moja ya jani kwenye karatasi.

“Ya kunusa tu,” Merritt akasema. “Kuvuta sivuti tena. Mnanisikia? Naapa.”

Tukamwambia tunamsikia.

Lala, mume wangu. Bani lako limesimama, na wavu wa kuku nimeufunga vibaya kama ulivyotabiri. Hujatutoka kinywani, wala hutatutoka sote tungali hai.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Ozella; binti yako Lorene, aliyerithi kicheko chako na kukitumia kwangu; mkweo Curtis, ambaye sasa ndiye anayeniibia chupa za pichi; na mdogo wako, Shemasi Merritt Tuck. Huyu jana nilimrudishia sufuria yake nikamkosa nyumbani. Nikamkuta nyuma ya bani lake, amekaa juu ya ndoo, kiko cha gunzi mkononi, moshi mwembamba kama uzi, anavuta kidogo kidogo, hakuna anayemkimbiza. Aliniambia anafukuza mbu. Theluji ilikuwa imetufika vifundoni.