Kanuni ya Ndugu Mmoja

Dada mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekubali upande ngazi kwa amani. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je? Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu ningekuchekesha, tungeagana, nawe usingejua lolote.

Kazi ni ileile, kuyashauri mashirika ya hisani namna ya kujiendesha. Nafika, nauliza nani anajua nini na akiondoka nani atabaki akijua, naandika ripoti, nafunga sanduku. Wananipigia makofi, kesho yake hawakumbuki hata sura yangu. Chumbani kwangu nina kiti kimoja. Cha pili nilimrudishia mwenye nyumba, maana kilikuwa kikikaliwa na mashati tu.

Mwaka huu nilishauri shirika dogo linalowatembelea watu wanaoishi peke yao. Wanaojitolea kutembelea ni wachache, wanaoomba kutembelewa ni wengi. Basi kwa ule ujuaji wangu unaoujua, nikawaambia waweke kanuni: kabla ya kumwandikisha mtu, apigiwe simu ndugu yake mmoja. Ndugu akisema mtu huyo ana wa kumtembelea, asiandikishwe. Mratibu wao, mama mpole wa uso na mkali wa ulimi, alinung'unika kwamba ndugu wote watasema ndiyo, kwa aibu. Nikamjibu kwamba takwimu hazina aibu. Kanuni ikapita.

Siku ya kuagana, mratibu alinimiminia chai akaniuliza nyumbani ananingoja nani. Nikaanza mzaha, sikuumaliza. Dada, nililia mbele ya mteja! Mtu mzima, na tai shingoni. Alisubiri ninyamaze, kisha akasema kweli kinyozi hajinyoi.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Nimeomba nami nitembelewe. Upweke umenishinda, dada, na sijui namna nyingine ya kulisema hili. Mratibu hakukataa, ila alisema kanuni ni kanuni, na aliyeileta ni mimi mwenyewe. Ndugu niliyemtaja ni wewe. Nimtaje nani mwingine?

Atakupigia wiki ijayo kukuuliza kama nina mtu wa kuja kuniona. Nakujua. Utataka kusema ndiyo, kunisitiri tu, nisionekane mkiwa mbele ya watu. Hujawahi kufika hapa, wala sikulaumu, una nyumba na una mambo yako. Lakini ukisema hapana, wataniletea mtu kila Jumamosi, tutakunywa chai na kubishana mpira. Ukisema ndiyo, jina langu litafutwa.

Kwa hiyo nakuomba, dada yangu, usiseme ndiyo ila kama unakuja.

Nisalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Bwana Ripoti, kama ulivyonibatiza